Nani Ampigie Mpiga Simu?

Ukumbi wa chini wa jengo lile la maofisi ulikuwa umefurika kama kawaida yake ya asubuhi. Walikuwepo watu wa bahasha, watu wa tai, wauza magazeti, na mlinzi aliyekuwa akiandikisha wageni huku akipiga miayo. Msururu wa lifti ulifika mpaka mlangoni. Mbele kabisa ya msururu huo alisimama msichana mrefu, gauni la kijani limemkaa sawasawa, kitambaa cha njano kichwani, tepu ya kupimia imening'inia shingoni kwa kuwa alisahau kuivua. Alikuwa amekumbatia mapazia mpaka kidevuni.

Lifti ilipofunguka aliingia yeye na mzigo wake, na hapakubaki hata nafasi ya kuweka mwavuli.

"Dada, unapanda au umehamia?" akauliza bwana mmoja mwenye tai.

"Nimehamia. Karibuni chai baadaye," akajibu, na mlango ukajifunga kabla bwana hajapata la kusema.

Ndivyo alivyokuwa, hana jibu linalochelewa. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na chuo na shangazi yake, basi. Wenzake wa masomo walimwita Kamanda, na jina hilo lilimshika vizuri hata shangazi mwenyewe akaanza kulitumia dukani. Nasi tumwite hivyo hivyo.

Lifti ilipanda, ikapanda, ikakohoa, ikasimama. Kamanda alibonyeza vitufe vyote, kwanza kwa adabu, kisha kwa hasira. Alipochoka kubonyeza alipiga mlango kwa kiganja.

"Habari yako... uliye ndani," ikasema sauti ya mwanamume kutoka juu, ikivuma kwa mwangwi wa shimo la lifti.

"Siyo nzuri! Nitoeni!"

"Utatoka. Mimi ni fundi. Niko juu yako kidogo tu. Uko na nani humo?"

"Niko na mapazia."

"Hao hawana neno, hawapumui. Kaa juu yao, upumzike. Nikimaliza kufunga kitu hiki... nitakushusha taratibu mpaka mlangoni."

"Kaka yangu, wewe unaongea kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo!"

"Aliyenaswa huwa ana haraka ya kutosha," fundi alisema. "Nami nikiwa na haraka, tutakuwa wawili."

Kamanda alikaa juu ya mapazia. Hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alitoa simu akafungua ujumbe wa sauti wa somo la Takwimu, akauongeza kasi maradufu kama alivyozoea afanyapo kazi kwenye cherehani. Sauti nyembamba ikaanza kukimbia mle ndani kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

Kule juu, spana ikanyamaza.

"Dada, huyo anayefukuzwa ni nani?"

"Mwenzangu wa chuo. Tunasoma ustawi wa jamii kwa mtandao, tuna kikundi chetu. Ana akili sana, lakini mpaka afike mwisho wa sentensi wewe umeota mvi. Kwa hiyo namkimbiza."

Fundi akasema, "Na sasa hivi atasema, 'Msirukie jibu. Tupande ngazi moja moja.'"

Simu ikasema hayo hayo, mbio mbio. Kamanda akasimama, pazia moja likamwangukia miguuni.

"Umejuaje?"

"Hebu mrudishie kasi yake."

Alirudisha. Ile sauti ya kuku ikatulia, ikanenepa, ikawa ya mtu mpole mwenye subira, na ukiondoa mwangwi, haikuwa na tofauti hata chembe na iliyokuwa ikizungumza juu ya kichwa chake.

"Ngazi?" aliuliza.

"Shikamoo, Kamanda."

Alicheka mpaka akakaa tena chini. "Fundi wa lifti unajiita Ngazi?"

"Kujiita? Si ninyi mlioniita!"

Mlango ulipofunguliwa hatimaye, kila mmoja alimtazama mwenzake kwa mshangao. Kamanda alikuwa amemfikiria Ngazi kama mzee mwenye miwani na kitambi. Mbele yake alisimama kijana wa kimo cha kawaida, ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikachoka, alama ya grisi kidevuni, macho ya mtu anayekaribia kucheka. Naye Ngazi alikiri baadaye kwamba siku zote alimwona Kamanda akilini akiwa na filimbi mdomoni.

Alimbebea mapazia mpaka ofisi iliyoyaagiza, kwa ngazi.

*

Wenyewe walikiita Kikundi cha Alfajiri, maana walikutana mtandaoni kabla watu hawajaenda kazini, kamera zimezimwa kuokoa bando na kuficha nyuso zilizotoka kitandani. Kamanda ndiye aliyekianzisha. Kikundi chake cha kwanza kilikuwa kimekufa kifo cha uvivu. Leo huyu ana mgeni, kesho yule ana mafua, mwisho akabaki peke yake akiangalia kioo cha simu, na somo la Takwimu likamwangusha. Akalirudia, likamwangusha tena. Chuo kikamwandikia bila kuzunguka: ukianguka safari hii, kozi nzima imekwisha.

Kwa hiyo hiki cha pili alikishika kwa mkono wa chuma. Kila mtu alikuwa na kazi. Mzee wa Stoo, mstaafu aliyeamua kusoma baada ya wajukuu kumwita mzigo kwa mzaha, aliwaamsha wote. Mama Pacha alitafuta mitihani ya zamani. Kamanda aliita majina na kulinda kanuni, na kanuni kubwa ilikuwa moja: anayekosa mara tatu mfululizo bila udhuru anatolewa. Ngazi alifundisha Takwimu, na ndiye aliyempigia simu kila asiyefika. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe. Hakuna aliyetolewa kikundini tangu aipate. Mzee alipopitiwa na usingizi alipigiwa, Mama Pacha watoto walipoharisha alipigiwa, na wote walisema hivyo hivyo, kwamba ukisikia ile sauti ya taratibu ikikuuliza, "Kulikoni, mwenzetu?" unaona haya kukaa nyumbani na matatizo yako peke yako.

Siku chache baada ya lifti, Ngazi alitokea dukani kwa shangazi. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Nataka pazia," alisema.

"Dirisha lako linatazama nini?" Kamanda aliuliza, penseli sikioni.

"Ukuta wa jirani."

"Sasa pazia la nini? Ukuta utakuchungulia?"

"Kuta zina masikio, sembuse macho."

Shangazi alikuwa nyuma akikata kitambaa, akaacha kukata. "Mteja huyu mpime wewe," alimwambia Kamanda. "Mimi macho yangu leo hayaoni vizuri." Macho ya shangazi yalikuwa yanaona sindano iliyoanguka chini ya kabati.

Tangu siku hiyo simu ya Kamanda ikawa na kazi mbili, masomo na mapenzi, na mara nyingi zilichanganyika.

"Bado sielewi mtawanyiko," alilalamika jioni moja, amebana simu kwa bega huku akipinda ukingo wa pazia. "Wastani ukishaujua, yanayobaki ni ya nini?"

"Mpenzi, mteja amekuagiza mapazia mawili. Moja umelishona fupi kwa shibiri, jingine refu kwa shibiri. Wastani wake?"

"Ni sahihi kabisa."

"Haya mpelekee, umwambie wastani ni sahihi."

Kamanda alicheka, na kwa mara ya kwanza somo lililomliza mara mbili likaingia kichwani na kukaa. "Kumbe! Angenirudishia yote mawili usoni."

"Basi huo ndio mtawanyiko."

"Na wewe ulijifunzia wapi kuongea hivi?"

"Shimoni. Mtu aliyenaswa kwenye lifti hasikii maneno yako, anasikia mwendo wako. Nimeongea na wengi sana walionaswa. Mwisho nikaona kazi ninayoipenda ni ile ya kuongea, hizi nyaya ni chakula tu. Ndiyo nikajiunga na chuo."

Kamanda aliliweka pazia chini amsikie vizuri. Alikuwa ameshampenda, na alijua.

Kasoro ilikuwa moja. Hakutaka kikundi kijue.

"Watasema nakupendelea," alimwambia wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya duka, siku ya mapumziko, yeye na gauni la maua madogo, mwenziwe na lile shati jeupe. "Nikikusamehe umechelewa, watasema. Subiri mtihani upite."

"Kupenda si kosa la kanuni."

"Nakuomba."

"Mimi sijisikii vizuri kuitwa 'mwenzetu' asubuhi na 'mpenzi' jioni," Ngazi alisema. "Mtu anayefichwa huanza kujiuliza ana ubaya gani."

"Ngazi, usianze!"

"Sijaanza. Sawa, Kamanda."

Ile "sawa" haikuwa na ladha. Waliagana vizuri, lakini si vizuri sana.

*

Kesho yake Ngazi hakutokea darasani. Kamanda aliita jina lake, akangoja, akapita. Moyoni alisema, amenuna.

"Ngazi yuko wapi?" Mama Pacha aliuliza.

"Atapigiwa simu," akajibu Mzee wa Stoo, bila kufikiri, na somo likaendelea.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na ni kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Walikuwa wamezoea mno kwamba asiyefika hupigiwa simu, kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kuwa simu hizo zilikuwa na mpigaji, na mpigaji ndiye aliyekosekana. Mama Pacha alidhani Mzee amepiga. Mzee alidhani Kamanda. Kamanda alijua hakuna aliyepiga, lakini yeye alikuwa na kiburi chake. Aliishika simu mara nyingi, akaitazama namba, akaiweka chini. Anipigie yeye, alijisemea. Aliyenuna ndiye anunue dawa ya kununa kwake.

Ngazi akakosa tena. Kisha akakosa mara ya tatu.

Kama aliyekosa angekuwa Mzee, Kamanda angengoja. Kama angekuwa Mama Pacha, angetafuta sababu ya kungoja. Lakini alikuwa mtu wake, na hofu ya kuambiwa anapendelea ilimfanya awe mkali kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Baada ya somo alibonyeza jina, akabonyeza neno la kumwondoa, na kioo kikaandika wazi kwa wote kuona: Kamanda amemwondoa Ngazi.

Mzee wa Stoo aliandika, "Lo."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Kamanda alijaribu kufundisha Takwimu yeye mwenyewe, akajikwaa kila mahali. Alisikiliza masomo ya zamani kwa kasi maradufu, maana ile sauti kwa mwendo wake halisi ilikuwa inamchoma.

"Yule kijana wa pazia la ukutani yuko wapi?" shangazi aliuliza.

"Sijui, shangazi. Amekasirika."

"Amekuambia?"

"Hapana."

"Basi hujui," alisema shangazi, akarudi kwenye mkasi wake.

*

Ilitokea kwamba lile jengo liliagiza mapazia mengine. Kamanda alifika ukumbini na mzigo wake, akakuta lifti imebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Mlinzi alimwonea huruma.

"Utapanda kwa miguu, dada. Wameleta fundi mwingine, lakini huyu anaiogopa. Tangu yule wa kwanza aumie, hii lifti imekosa mwenyewe."

Kamanda aliutua mzigo sakafuni. "Aumie vipi?"

"Hukusikia? Mlango ulimbana mkono. Simu yake ikaporomoka shimoni mpaka chini, ikasagika. Na unajua alifanya nini? Kulikuwa na mama mjamzito ndani, msafishaji wa zamu ya alfajiri. Yeye mkono umebanwa, lakini anaongea naye taratibu, 'mama, kaa, pumzika,' mpaka wenzake wakafika. Yule mama hakujua mpaka alipotoka akaona damu."

"Lini?" Kamanda aliuliza, ingawa alishajua.

Ilikuwa ile asubuhi ya kwanza ambayo Ngazi hakutokea darasani. Aliitwa kazini mapema kabla ya darasa kuanza.

Mapazia aliyaacha kwa mlinzi, akamwomba amwelekeze anakouguzwa fundi, akaondoka.

Ngazi alikuwa kwa dada yake mkubwa, muuguzi mwenye sauti iliyozoea kukemea wodi nzima. Dada huyo alifungua mlango, akamtazama mgeni kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Wewe ndiye Kamanda."

"Ndiye mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu ndugu yangu hupigia watu simu mpaka mimi nawaonea wivu hao watu. Alipolala hospitali, nilingoja nione ni nani atamwulizia. Kinyozi hajinyoi, mwanangu. Mlidhani atajipigia mwenyewe?"

"Dada," ilisema ile sauti kutoka ndani, "mgeni hukaribishwa kwanza, kisha ndiyo hugombezwa."

Alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene. Alikuwa amekonda. Shati lake, kwa kuwa alilifunga kwa mkono mmoja, vifungo vilikuwa vimepishana, upande mmoja wa kola juu, mwingine chini. Kamanda alilitazama shati lile kabla ya uso wake.

"Nilidhani umenuna," alisema.

"Ningenuna, ningekuja kununa darasani, unisikie." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Nilipopata simu ya kuazima, nikaweka laini mpya ya namba yangu ile ile. Nikawa na hamu, unajua. Nikasema leo nitakuta wamenitafuta. Nikafungua kikundi. Nikakuta umenitoa."

Kamanda aliketi kwenye ukingo wa kochi.

"Kanuni sikatai," Ngazi aliendelea, bila ukali, na afadhali angekuwa mkali. "Hata mimi niliiunga mkono. Ila kabla ya kumtoa mtu kulikuwa na kazi ya kumwuliza kulikoni. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikalala pale kitandani nikajiuliza, hivi tulipopanga mambo yetu yote, mbona hatukupanga nani ampigie mpiga simu?"

"Namba yako nilikuwa nayo, Ngazi. Niliishika simu nikaiweka chini. Wengine walisahau, mimi sikusahau. Nilikuwa na kiburi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nasoma ustawi wa jamii, halafu mtu wangu mwenyewe ananyamaza nami naita jina naendelea. Nisamehe. Nakupenda na nimekuumiza."

Dada alikuwa mlangoni na glasi ya maji. Akaiweka mezani taratibu, akaondoka.

"Nimekusamehe," Ngazi alisema. "Lakini bado inauma. Vyote viwili ni kweli."

"Nikurekebishie shati?"

Alijitazama vifungo. "Acha. Leo acha. Tupande ngazi moja moja."

*

Alfajiri iliyofuata Kamanda alimrudisha Ngazi kikundini kabla ya kuita majina. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianze, alifungua kamera. Wenzake wakaona uso mwembamba wenye macho yaliyovimba.

"Ngazi aliumia kazini," alisema. "Hatukumpigia hata mmoja, na mimi nikamtoa. Kosa ni langu kuliko lenu, kwa sababu... kwa sababu Ngazi ni mpenzi wangu. Nilimficha. Nilitaka kuonyesha kwamba simpendelei."

Kamanda alitazama kama mtandao bado upo.

"Jamani," alisema Mama Pacha, "kwani hiyo ilikuwa siri?"

"Mimi nilijua tangu alipoanza kutoa mifano ya mapazia," alisema Mzee wa Stoo. "Fundi wa lifti na ukingo wa pazia, wapi na wapi?"

Ngazi alicheka, kicheko cha kwanza kusikika siku nyingi. Kisha Mzee akakohoa, sauti ikabadilika. "Lakini mwanangu Ngazi, utuwie radhi. Mimi ulinipigia kwa sababu ya usingizi tu. Wewe uliumia nikaandika 'lo'. Nimezeeka, lakini sikuzeeka kiasi cha kutoona aibu."

Asubuhi hiyo hawakusoma Takwimu. Walipanga upya. Kanuni ya mara tatu ikabaki, lakini kila mtu akapewa mwenzake mmoja wa kumwangalia, ili asiwepo asiye na wa kumpigia. Mama Pacha akampata Mzee, Mzee akampata Kamanda, Ngazi akampata Mama Pacha.

"Na Ngazi atapigiwa na nani?" Mzee aliuliza. "Kamanda, umeganda. Ni mtandao au ni haya?"

"Mimi," alisema Kamanda.

Na alipiga. Alipiga kila siku, iwe Ngazi amefika darasani au hakufika. Mwanzoni majibu yalikuwa ya adabu: naendelea vizuri, asante, bandeji imepunguzwa. Kamanda hakusukuma. Alimsomea kurasa alizoshindwa kuzifunua kwa mkono mmoja, akamwandikia majibu aliyoyasema kwa mdomo. Aliacha kabisa kuzikimbiza jumbe zake za sauti. Alizisikiliza kwa mwendo wake, na akagundua kwamba katikati ya maneno Ngazi huwa anavuta pumzi kidogo kabla ya kusema jambo la mzaha. Muda wote ule hakuwahi kuisikia pumzi hiyo.

"Siku hizi huna haraka," Ngazi alimwambia jioni moja.

"Nilikuwa nakosa vitu."

Mtihani ulifika. Katikati ya karatasi paliulizwa kuhusu mashine mbili zenye wastani mmoja, ipi iaminiwe zaidi, na kwa nini. Kamanda aliona pazia fupi na pazia refu, akacheka peke yake mpaka msimamizi akamtupia jicho.

*

Walikuwa wamekubaliana kufungua matokeo pamoja, alfajiri, kila mtu kwenye simu yake. Siku ilipofika Mzee aliwaamsha wote. Majina yakaitwa. Jina moja halikuitika.

Kamanda alikuwa amekaa sakafuni dukani, katikati ya vipande vya vitambaa, simu ameilaza kifudifudi. Ikalia. Aliipokea bila kuitazama; kwa mpango wao mpya, mpigaji alipaswa kuwa Mzee. Hakuwa Mzee.

"Kulikoni, mwenzetu?"

"Wewe siye wa kunipigia. Ni Mzee."

"Nimemwomba zamu yake. Umekosa darasa, Kamanda. Una udhuru?"

"Ninao."

"Utaje."

"Naogopa."

"Udhuru umepokelewa," Ngazi alisema, na Kamanda akasikia ile pumzi ndogo. "Mama Pacha amepita. Watoto wanaruka juu ya kitanda, nimewasikia. Mzee ametushinda mimi na Mama Pacha, sasa hasemeki."

"Na wewe?"

"Nimepita."

"Na mimi? Umeona yangu? Sema haraka, Ngazi, moyo unanipasuka!"

"Yako unaiona wewe tu. Na hii ni simu, mpenzi, huwezi kunikimbiza. Tupande ngazi moja moja. Ngazi ya kwanza, vuta pumzi."

Mpenzi. Hakuwa amelisikia neno hilo tangu siku ya benchi. Alivuta pumzi. Akafungua ukurasa wa chuo, akaandika namba yake, akaifuta, akaandika tena.

"Nimepita," alinong'ona. Kisha akapiga kelele, "Shangazi! Nimepita!" Shangazi akatupa mkasi juu, ukaangukia kwenye ndoo ya vifungo.

"Hongera, Kamanda wangu. Sasa ngazi ya pili, fungua mlango wa duka."

Alifungua, simu bado sikioni. Ngazi alikuwa amesimama kando ya lile benchi, naye simu sikioni, mkono wa kulia hauna bandeji. Alivaa lile shati jeupe la mikunjo mikali, na vifungo vyake vilikuwa vimepishana kuanzia juu mpaka chini.

"Mkono haujapona?"

"Umepona kabisa."

"Mbona shati liko hivyo?"

"Kuna mtu aliomba kulirekebisha, nikamwambia aache siku ile. Nimekuja kumwambia siku imefika."

Kamanda alikata simu. Alivifungua vifungo kimoja kimoja, akavifunga upya kila kimoja na tundu lake, bila haraka. Hakumtazama usoni, maana angelia tena, na alishalia vya kutosha mwaka huo.

"Nina agizo," Ngazi alisema juu ya kichwa chake kilichoinama. "Nimepata nyumba. Ina madirisha mawili, na hakuna ukuta mbele, kuna uwazi. Nataka mapazia."

"Rangi gani?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Atakayeishi nami ndiye achague. Nimekuja kumwuliza kama atakubali kuolewa nami, kisha ndiyo tuje kwenye rangi."

Ndani ya duka cherehani ya shangazi ilinyamaza ghafla.

"Ndiyo," alisema Kamanda, kwa haraka yake ile ile ya zamani.

"Umekimbia mno," Ngazi alisema, macho yamejaa kicheko na maji. "Lirudie taratibu."

Akalirudia taratibu.